Mume wangu amekataza maonyesho ya jimbo. Niwapeleke watoto kwa siri?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na mume wangu anafanya kazi ghalani, Jumatatu hadi Ijumaa. Binti yetu mkubwa ana miaka 14, wa kati wa kiume ana 9, kitindamimba ana 4. Tangu mwezi wa tano tunaye mama mkwe wangu, ametoka Bariadi, mkoani Simiyu. Ana miaka 71 na ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania.

Kila mwisho wa Agosti hapa kuna maonyesho ya jimbo, Minnesota State Fair, siku 12 zinazoishia Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba. Baada ya hapo ni shule. Kwa watoto hiyo ndiyo sherehe ya kuaga likizo, na wakirudi darasani wanaulizana: ulienda? ulikula nini? ulipanda nini? Asiyeenda anakaa kimya.

Mwaka jana tulikwenda Jumamosi ya mwisho. Tulifika saa sita mchana, jua kali, watu wamejaa hadi mnasukumana. Tukaingia moja kwa moja kwenye bembea za mashine. Kila bembea ina tiketi zake, na kila hatua mbili kuna kibanda cha chakula kinawaita watoto. Saa tisa mume wangu alihesabu kilichobaki mfukoni, akasema mbele za watu kwamba mimi ndiye ninayewafundisha watoto wake kutapanya. Wa kati alilia. Binti alitangulia mbele kama hatujui. Tulirudi nyumbani bila neno, na ilichukua siku kadhaa kabla hatujaanza kuongea vizuri.

Mwaka huu baba yao amesema hakuna kwenda. Anasema fedha ya siku moja ile kwao inanunua ndama. Simlaumu kwa kuwaza hivyo, kwa sababu anasomesha wadogo zake wawili. Lakini watoto wanaomba tangu Julai. Binti naye anataka kwenda na marafiki zake peke yao, anasema kutembea na familia nzima ni aibu. Nilipomgusia mama mkwe, alinijibu kwa upole: "Nendeni tu mwanangu, mimi nitabaki na mdogo. Hayo ni mambo ya vijana." Tena yeye ni Msabato. Jumamosi haendi popote ila kanisani, na nyama ya nguruwe hali, na mimi naona pale karibu kila kitu kina nguruwe.

Nimejiwekea akiba kidogo kutokana na zamu za ziada. Ninawaza kuwapeleka watoto siku ya kazi, baba yao akiwa ghalani, na kuwaambia wasimwambie. Rafiki zangu wawili wamenishauri hivyo hivyo: fedha ni yako, watoto ni wako, nenda. Lakini moyo haukubali. Mimi ninachotaka ni siku moja ya sisi wote kabla ya shule, siku ambayo sitakuwa nimelala mchana huku watoto wangu wakitembea kwa kunyata wasiniamshe. Nifanyeje, Shangazi?

Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku.

Usiwapeleke kwa siri. Mtoto wa miaka minne aliyepanda bembea atalisema hilo kabla baba yake hajavua viatu. Huyo wa miaka tisa atajitahidi kunyamaza, na kila baba akimuuliza siku yake ilikuwaje atakuwa anasema uongo kwa amri yako. Lakini ninayemfikiria zaidi ni mama mkwe wako. Yumo humo ndani, ataona mmetoka na ataona mmerudi na nyuso zimeiva kwa jua. Utakuwa umemtaka achague kati ya kumficha mwanawe na kumchongea mkwewe. Mzee amevuka bahari kuja kuwatembelea, usimweke hapo. Hao rafiki zako wanakupenda, naamini, ila nyumba si yao.

Mume wako nitamsemea kwa haki. Kuhusu fedha hakosei. Siku mliyoielezea ni ya kumaliza mfuko wa mtu yeyote anayelipwa kwa saa na ana watu wa kusomesha. Alipokosea ni kukupandishia sauti mbele za watu na mbele ya watoto, na tena mwaka huu kutoa hukumu badala ya kuketi na wewe. Hilo la sauti umwambie, mkiwa wawili tu, bila kulichanganya na ombi lolote. Ukilichanganya ataona unamdai fidia.

Sasa nikuambie nilichokiona nilipoisoma barua yako mara ya pili. Umetaja bembea, tiketi, vibanda vya chakula, jua na msongamano. Hukutaja ng'ombe hata mmoja.

Mwanangu, hayo ni maonyesho ya kilimo. Ndivyo yalivyoanza na ndivyo yalivyo mpaka leo, ukiacha lango la bembea na kwenda upande wa mabanda. Maonyesho ya kwanza ya jimbo huko Marekani yalifanyika Syracuse, New York, mwaka 1841, ili wakulima waoneshane mifugo, mbegu na zana. Minnesota walianza yao mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya kuwa jimbo, na tangu 1885 yako pale pale mlipokwenda, kati ya Minneapolis na St. Paul, kwenye uwanja ambao sasa una ekari 322. Yamesimama mara chache sana, kwa mfano mwaka 1946 kwa hofu ya polio na mwaka 2020 kwa UVIKO. Watoto wenu hawaulizwi darasani kwa sababu ya bembea peke yake. Wanaulizwa kwa sababu watu wa huko wanayachukulia maonyesho hayo kuwa yao, babu na bibi zao walipeleka ng'ombe na maboga pale.

Na wewe ndani ya nyumba yako una mtu aliyetoka Bariadi. Kule ndiko uliko uwanja wa Nyakabindi, ambako Nane Nane ya kitaifa ilifanyika mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata. Mama wa Kisukuma wa umri huo amekamua, ameganga ndama, amekaa usiku kucha na mtamba anayezaa kwa shida, amesukasuka kibuyu mpaka siagi ikajitenga na maziwa. Anasema hayo ni mambo ya vijana kwa sababu hakuna aliyemwambia pale kuna nini. Wewe mwenyewe hujaona. Katika familia yenu yote, mtu anayeyajua maonyesho haya kuliko wengine ndiye aliyejitolea kubaki nyumbani.

Kwa hiyo ombi lako kwa mume wako libadilike kabisa. Usimwombe awapeleke watoto kwenye bembea. Mwombe ampeleke mama yake kwenye ng'ombe.

Ipangeni siku yote kwa kumfuata Bibi. Anzeni na banda la ng'ombe. Ataona Holstein, wale weusi kwa weupe, ambao wakiwa kwenye kilele cha maziwa hutoa lita 30 na zaidi kwa siku, wakati ng'ombe wa asili wa kwao hutoa lita chache tu na ndama naye anangoja zake. Atauliza wanakula nini, wanapandishwa vipi, ndama anaachishwa lini. Kuna watu wa kumjibu: ng'ombe wengi mtakaowakuta siku za mwanzo wameletwa na vijana wa chama cha 4-H, watoto wa wafugaji wanaowalea wenyewe, wanawaogesha, wanawachana manyoya, kisha wanawaingiza ulingoni mbele ya majaji.

Hapo ndipo binti yako anapopata kazi. Mpe kazi ya kuwa mkalimani wa Bibi. Vijana wale ni wa rika lake. Atasimama mbele ya msichana wa miaka 14 aliyeshika kamba ya ng'ombe mwenye uzito kuliko familia yenu nzima, na atalazimika kutafuta Kiswahili cha mambo ambayo hajawahi kuyasema. Akikwama Bibi atamsaidia. Usimhubirie kuhusu aibu ya kutembea na familia. Anayefuata nyuma ya mama yake akingoja kununuliwa kitu anaona aibu, mwanangu, hata mimi ningeona. Anayetegemewa na mzee kila anapotaka kuuliza swali ana heshima yake. Kisha mchana mpe saa mbili na rafiki yake mmoja unayemfahamu, simu ikiwa na chaji, na mahali pa kukutana pawe pamekubaliwa. Saa hizo ziwe za mchana, na kabla hujamwahidi lolote la jioni soma kwenye tovuti ya maonyesho masharti ya umri.

Lipo jengo linaitwa Miracle of Birth Center, ambako ng'ombe, kondoo na nguruwe huzaa mbele ya watu, wataalamu wa mifugo wakiwa hapo hapo. Mpeleke huko mtoto wako wa kati, akae karibu na bibi yake. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya kupanga Brooklyn Park atamwona ndama akijaribu kusimama kwa mara ya kwanza, na atamsikia bibi yake akimweleza kinachofuata kabla hakijatokea. Siamini kuna tiketi ya bembea inayoweza kumnunulia hilo.

Halafu kuna siagi. Kila mwaka msichana mmoja kutoka familia za wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huvikwa taji la Princess Kay of the Milky Way, kisha hukaa kwenye chumba cha vioo chenye baridi ya friji, amevaa koti zito, mchongaji akimchonga sura yake katika bonge la siagi la kilo 40 hivi. Chumba chenyewe huzunguka polepole ili watu wa pande zote waone. Siku zinazofuata huchongwa wenzake waliofika fainali. Wamefanya hivyo tangu 1965. Nenda na Bibi pale, umwache atazame kwa muda wake, wala usimharakishe. Mtu aliyetoa siagi kwa kutikisa kibuyu ana maneno yake kuhusu kilo 40, na ningependa watoto wako wawe karibu atakapoyasema.

Jengo la kilimo lina picha zilizotengenezwa kwa kubandika mbegu moja moja, maboga makubwa ya mashindano, asali na matufaha. Bwawa la samaki la idara ya maliasili lipo. Gwaride hupita kila siku saa nane mchana. Hayo yote yamo ndani ya kiingilio, hayadai hata senti ya ziada.

Sasa fedha, maana mume wako atauliza na ana haki. Mwaka 2025 kiingilio cha langoni kilikuwa dola 20 kwa mwenye miaka 13 hadi 64, dola 18 kwa mzee wa kuanzia 65 na kwa mtoto wa miaka 5 hadi 12, na wa miaka minne kushuka chini anaingia bure. Kwa familia yenu hiyo ni dola 96. Tiketi zikinunuliwa kabla ya maonyesho kuanza huwa nafuu, na zipo siku za punguzo kwa wazee na watoto, kwa hiyo angalieni viwango vya mwaka huu mapema. Gari liacheni kwenye moja ya maegesho ya bure yanayohudumiwa na mabasi ya maonyesho. Ile akiba yako ya zamu za ziada toa hapo, mezani, mume wako akiona. Mwambie: hiki ni changu, ninakiweka kwa ajili ya mama. Mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu na vinywaji visivyo vya kilevi, jambo ambalo watu wengi wa kwetu hawalijui. Pikeni chapati usiku, chemsheni mayai, Bibi akaange karanga. Beba chupa za maji kwa kila mtu, kwa maana Agosti ya Minnesota inachoma.

Kisha kila mtoto apewe kiasi chake mkononi asubuhi, chake mwenyewe, wa tisa na wa kumi na nne sawasawa. Akitaka bembea apande bembea, akitaka jibini ya kukaanga anunue, kikiisha kimeisha. Hakuna kuomba tena na hakuna kugombezwa. Ugomvi wa mwaka jana ulizaliwa na baba kutoa fedha kidogo kidogo siku nzima, kila dola ikiombwa na kila dola ikiuma. Kuhusu bembea, ziwe mwisho, baada ya chakula cha mchana. Mdogo ana eneo lake linaloitwa Kidway, mbali na zile kubwa.

Nguruwe yupo, hujakosea. Ile soseji maarufu ya kijiti, iliyochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, mara nyingi ina nguruwe ndani hata kama haionekani, kwa hiyo ulizeni kabla ya kumpa Bibi chochote chenye soseji. Lakini kuna mahindi ya kuchoma yanayochovywa kwenye siagi, na kuna kibanda cha maziwa ambapo unalipa dola chache tu na kunywa mpaka utosheke. Nadhani hapo mtakaa kidogo.

Siku msichague Jumamosi, na hata kama Bibi asingekuwepo ningekuambia hivyo hivyo. Kama mume wako ana siku ya likizo yenye malipo, achukue Ijumaa ya kwanza ya maonyesho. Watu huwa wachache kuliko mwisho wa wiki, na vijana wa 4-H wanakuwa bado wapo. Ikifika Jumamosi ya mwisho, kama ile mliyokwenda ninyi, wengi wao huwa wameshaondoka. Ijumaa ina faida nyingine: Sabato ya Bibi inaanza jua likizama, kwa hiyo saa kumi jioni muwe mnaelekea kwenye basi, na mtoto yeyote akitaka kubaki sababu ipo wazi na haina ubishi. Kama likizo haipatikani, basi Jumapili ya kwanza, na mwe langoni linapofunguliwa saa moja asubuhi. Wewe mwenyewe uombe usiwe na zamu usiku wa kuamkia siku hiyo. Usijidanganye kwamba utatoka kazini ukaunganishe. Umeniandikia unataka siku moja ya kuwa macho na watoto wako, basi ilalie kwanza.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila mtokapo kwenye mabanda, ya mdogo umwoshe wewe, na asile wala kunyonya kidole akiwa ndani, kwa kuwa kinyesi cha mifugo hubeba bakteria wa E. koli wanaoweza kumlaza mtoto hospitali. Mdogo na wa kati wavae mkanda wa mkononi wenye namba yako ya simu. Hutolewa bure kwenye vibanda vya taarifa. Bibi miguu ikimchosha, viti vya magurudumu hukodishwa humo ndani. Muulize mapema kama angekubali kukaa, usimwonyeshe kiti siku hiyo mbele za watu.

Zungumza na mume wako mwanzoni mwa wiki, akiwa ameshakula, mama yake akiwa ameshalala. Usianze na watoto. Mweleze kwamba mama yupo tangu mwezi wa tano na mmempeleka wapi? Mwachie hapo kidogo ajibu mwenyewe. Kisha mweleze kuhusu ng'ombe, siku, saa na hesabu. Mimi naamini atakubali, kwa sababu anayepima fedha kwa ndama bado ana zizi moyoni.

Asipokubali, bado usiende kwa kificho. Mwambie kwa heshima kwamba umesikia, kwamba utampeleka mama na watoto kwa akiba yako, siku fulani, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kwamba tiketi yake umeinunua pamoja na zenu. Mwambie hayo mbele ya Bibi, kisha uende.

Shangazi